Mwana, kabla hujamshika Babu

Shoga yangu Mwana,

Za huko Kigamboni, wanao hawajambo? Mi Alhamisi alfajiri naondoka zangu Tanga kwenye harusi ya mdogo wangu, narudi Jumatatu, na najua ulishakubali kuja kulala kwangu Tabata umwangalie Babu, paka wangu mwenye kisukari, lakini juzi kwenye simu ulivosema "si kasindano tu, ntaweza" roho ikaniruka, ndo maana nakuandikia, ya kwenye simu yanasahaulika.

Kumchoma insulini si kazi, Babu akishainamia sahani yake ya vibua hata hageuki. Kazi iko kwenye bomba la sindano. Unakumbuka mwaka jana alivotaka kunifia? Sikukwambia yote kwa aibu. Mabomba yaliniishia, jirani aliyekuwa na mbwa mwenye kisukari akanipa boksi lililombakia, yana vifuniko vyekundu, mi nikaona bomba ni bomba, nikavuta mpaka kwenye 2 kama siku zote. Kumbe yale ni ya U-40, insulini za wanyama zenye yuniti 40 kwenye mililita moja, na Babu anatumia Lantus ya binadamu, U-100, yani yuniti 100 kwenye mililita hiyohiyo. Ile 2 yangu ilikuwa 5! Baada ya masaa kadhaa namkuta anayumba kama kanywa gongo, anajigonga miguu ya meza, kichwa hakimkai. Nikampaka asali kwenye fizi huku nalia, tukapanda bodaboda mpaka kwa daktari wa mifugo, akatundikiwa dripu ya glukosi. Yeye alipona siku ileile, mi ndo bado.

Sasa kwenye droo nimekuachia yenye vifuniko vya rangi ya chungwa, yameandikwa U-100, madogo ya mililita 0.3, kila kistari kidogo ni nusu yuniti. Yakikuangukia au sijui mtoto akayachezea, usikubali duka la dawa wakupe lile la mililita 1, mengine kistari kimoja ni yuniti 2 nzima, kwa dozi ya paka utakuwa unabahatisha tu.

Kichupa kiko kwenye friji, shelfu ya katikati, sio mlangoni na sio kule nyuma kwenye barafu, ikiganda hata mara moja haifai tena. Lantus haitikiswi, haina rangi, iko kama maji, ukiona ina ukungu usitumie. Futa kile kimpira kwa spiriti, vuta hewa ya yuniti 2, isukumie ndani ya kichupa, pindua kichupa kichwa chini ndo uvute dawa. Hapo sogea dirishani uangalie vipovu. Havimuui, maana haingii kwenye mshipa, ila kipovu kimekaa mahali pa dawa, na kwenye yuniti 2 hata kidogo tu kinakula dozi, so gonga bomba kwa kucha kipande juu, kirudishe kichupani, vuta tena. Unasoma pale ukingo wa mpira mweusi ulio upande wa sindano, sio mkia wake. Mi mwenyewe navaa miwani.

Saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, ale kwanza. Asipokula usimchome, nipigie hata kama niko ukumbini. Ngozi ya ubavuni unaivuta juu kama kihema, unachoma chini yake, basi. Ukishamaliza pitisha kidole, manyoya yakiwa yameloa ujue umetokea upande wa pili, na hapo Mwana nakuomba kwa jina la mama yako, usirudie. Kukosa dozi moja atakunywa maji sana na kukojoa kojoa tu, kuzidishiwa unamwona ameondoka.

Umeme ukikatika sana itie dawa kwenye ile chupa ya chai na barafu, kichupa kimefungwa taulo kwanza kisigusane nayo. Sindano zilizotumika ziingie kwenye lile dumu la mafuta lenye mfuniko, wale vijana wa taka wanashika kwa mikono mitupu.

Ufunguo nimemwachia Mangi hapo dukani, nimemwambia dada mmoja mweupe mwenye maneno mengi atakuja kuuchukua. Asali iko juu ya friji, usiipeleke jikoni.

Wako,
Zuhura