Barua ya wazi kwa vijana mnaojifundisha tarumbeta

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Sasa nipeni masikio.

Nimechoka kumsikia kijana akijitapa kwamba hakufundishwa na mtu. Kutofundishwa si sifa, sifa ni kujifunza. Anayetaka kuona tofauti na amtazame Humphrey Lyttelton, mpiga tarumbeta wa jazi wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1921 pale Eton, shule ya watoto wa wakubwa, ambako baba yake alikuwa mwalimu. Hakukosa njia ya kutafutiwa mkufunzi. Lakini mwaka 1936 alikwenda zake Charing Cross Road, London, akanunua tarumbeta na kuanza kujifundisha. Walimu wake walikuwa santuri za wapiga tarumbeta Louis Armstrong na Nat Gonella. Santuri haichoki kurudia, ila haikwambii umekosea. Kazi hiyo anabaki nayo mwanafunzi mwenyewe, na hapo ndipo wengi wenu mnapoteleza.

Tarumbeta ina vitufe 3 tu. Usipobonyeza hata kimoja, bado unaweza kutoa nota kadhaa, kwa kukaza midomo na kuongoza pumzi. Sasa kijana asiye na mwalimu akiitaka nota ya juu na midomo bado haijakomaa, anaikandamiza tarumbeta menoni. Kweli, nota inatoka. Anapigiwa makofi, na kesho anakandamiza zaidi, mpaka mdomo unavimba na kupasuka. Armstrong mwenyewe midomo ilimuumiza hadi akalazimika kupumzika katikati ya miaka ya 1930, sembuse ninyi. Kila asubuhi, kabla ya wimbo wowote, chukua nota moja ya chini, ipulize taratibu hadi pumzi iishe, na isitetemeke. Inachosha, najua.

Habari za Lyttelton vitani nitazipita haraka, ingawa ni tamu: alikuwa afisa wa Grenadier Guards, kikosi cha jeshi la Uingereza, na tarehe 8 Mei 1945, London iliposherehekea mwisho wa vita Ulaya, alipiga tarumbeta katikati ya umati akiwa amepakiwa kwenye toroli.

Ninachotaka mkishike ni yaliyomkuta baada ya kuunda bendi yake mwaka 1948. Walipiga jazi ya mtindo wa zamani wa New Orleans, na vijana wakawapenda kufa. Mwaka 1949 wakarekodi na Sidney Bechet, gwiji kutoka Marekani, wakati ambapo wanamuziki wa kigeni walibanwa mno kufanya kazi Uingereza. Basi mashabiki wakaona wamepata bendi ya kulinda mila. Mwaka 1953 Lyttelton akamwingiza Bruce Turner, mpiga saksafoni. Saksafoni! Kwa walinzi hao wa mila, hicho kilikuwa chombo cha bibopu, yaani jazi ya kisasa waliyoichukia. Kwenye onyesho moja Birmingham wakatandaza bango la kumtaka "mpiga bibopu mchafu" arudi kwao.

Lyttelton hakujali la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Turner akabaki. Miaka iliyofuata saksafoni zikaongezeka, na mwaka 1957 mpiga saksafoni Kathy Stobart akashika nafasi kwenye bendi kwa muda, enzi ambazo viongozi wengi hawakumwona mwanamke kuwa mpigaji. Baadaye alirudi na kudumu miaka mingi. Wapo mashabiki waliompa Lyttelton kisogo moja kwa moja. Mimi naona bendi ile ya mwisho wa miaka ya 1950 ndiyo bora kuliko zote alizoongoza, na mzee mwenzangu akibisha aniandikie.

Kwa hiyo wewe unayeongoza bendi, shabiki wako wa kwanza mheshimu, lakini usimwachie achague wapigaji. Na ukimpata mpigaji anayekuzidi, mpe solo, usimfiche nyuma. Msikilize pia fundi mitambo wa studio. Wimbo "Bad Penny Blues" wa mwaka 1956, ulioiingiza bendi ile kwenye chati za Uingereza, ulipata ladha yake kwa sababu fundi Joe Meek aliuvuta mbele mkono wa kushoto wa mpiga piano. Lyttelton alisema baadaye kwamba angekuwapo asingekubali. Bahati yake hakuwapo.

Tangu mwaka 1967 hadi 2008, mwaka aliofariki, aliendesha kipindi cha jazi BBC akiwasikilizisha watu kazi za wengine. Na alipokaribia umri wa miaka 80, vijana wa Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza, walipomwita yeye na wenzake, alikwenda kupiga kwenye albamu yao ya mwaka 2001.

Zitafuteni rekodi hizo tatu: ile ya 1949 na Bechet, ya 1956, na ile ya Radiohead. Zisikilizeni kwa mfuatano huo, kisha kila mmoja aandike kwenye daftari ni kipi katika upulizaji wake hakikubadilika. Majibu nitayadai, na sitaki mnakiliane.

Wasalaam,
Mzee wenu