Elfu moja ya watu wa kodi haihusiani na Universal Credit

Mhariri,

Toleo lililopita mmechapa ushauri wa msomaji mmoja kwa kina mama wanaouza vitu onlaini huku Uingereza, eti ukiwa chini ya pauni 1,000 kwa mwaka huna haja ya kumwambia mtu yeyote. Samahani jamani lakini hiyo ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndo inayowatia watu matatani, tena naona sa hivi imeshaingia kwenye magrupu ya WhatsApp na kila mtu anafowadi tu.

Hiyo elfu moja ipo kweli ila ni ya HMRC, watu wa kodi. Mauzo yako ya biashara yasipozidi hapo kwa mwaka wa kodi, kwa kawaida hujazi fomu na hulipi kitu. Universal Credit (UC), ile pesa ya msaada ya kila mwezi kwa wenye kipato kidogo, iko chini ya DWP, wizara ya kazi na pensheni, na wao hiyo elfu moja hawana, wanataka faida yako ya kila mwezi hata ikiwa pauni ishirini. Unajaza kwenye akaunti yako ya UC kuanzia siku 7 kabla mwezi wako wa hesabu haujaisha mpaka siku 14 baada ya hapo, na ukishaandikwa kama unajiajiri unajaza hata mwezi ambao hujauza kitu, unaweka sifuri, usipojaza pesa inasimama.

Sasa kinachonishangaza mimi ni kwamba watu wanaficha kitu ambacho mara nyingi hata hawakatwi! Kama una mtoto, kuna kiwango unaruhusiwa kuingiza kabla hawajagusa hela yako ya UC, kwa mwaka 2025/26 kilikuwa pauni 411 kwa mwezi kama UC inakusaidia na kodi ya nyumba, na 684 kama haikusaidii. Kwa hiyo mama aliyeko nyumbani, mume hana kazi au hayupo, anauza vitenge na kupata faida ya 120 kwa mwezi, akiripoti anakatwa sifuri. Mwenzake ambaye tayari anafanya keya, kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa, na mshahara wake umeshamaliza hicho kiwango, yeye atakatwa peni 55 kwa kila pauni, yani kwenye 120 zinaondoka 66 anabaki na 54. Inauma, ndio, lakini bado ana zaidi ya ambaye hajauza kabisa.

Halafu wanasahau gharama. Wanahesabu faida, sio mauzo, kwa hiyo bei uliyonunulia mzigo, posta, mifuko ya kufungia, sehemu ya bando la simu inayotumika kwa biashara, vyote unatoa. Mtu kaagiza mzigo Kariakoo mwezi huu katumia 300 na kauza 90 tu, mwezi huo ana hasara na ile hasara inahamia mwezi unaofuata, ila lazima uwe umeijaza, usipoijaza imepotea na risiti zako.

Kuna wengine nao wanaogopa bure upande wa pili. Kuuza nguo zilizowabana watoto au pramu ya zamani pale Vinted, ule mtandao wa kuuzia vitu vilivyotumika, hakukufanyi mfanyabiashara, hizo ni mali zako mwenyewe, pesa inaenda kwenye akiba yako na akiba haiwasumbui mpaka ipite 6,000. Biashara ni pale unaponunua au kutengeneza kwa nia ya kuuza. Na Child Benefit, ile posho ya watoto, ndo kabisa, haiangalii vipauni hivi, labda mmoja wenu nyumbani awe anaingiza zaidi ya 60,000 kwa mwaka.

Na hili la kusema "hawatajua" tuliache. Tangu Januari 2024 makampuni kama eBay na Vinted yanakusanya taarifa za wauzaji kwa ajili ya HMRC, ukifika mauzo 30 au yuro 2,000 kwa mwaka jina lako linapelekwa, na HMRC na DWP kisheria wanaruhusiwa kupeana taarifa. Wakikukuta unarudisha yote uliyozidishiwa na wanaweza kuongeza faini ya pauni 50, hapo ni kama wameona umezembea tu, wakisema umefanya makusudi hiyo ni habari nyingine.

Jingine dogo, pesa ya mchezo msiiweke akaunti moja na pesa ya biashara. Siku wakiomba stetimenti ya benki utaanza kumweleza ofisa wa watu kwamba zile 800 zilizoingia ni zamu yako ya kupokea na yeye hajawahi kusikia mchezo ni nini.

Serikali nayo ina lawama yake, ofisi mbili zinahesabu kipato cha mtu yule yule kwa njia mbili tofauti, moja kwa mwaka na nyingine kwa mwezi, halafu maelezo yote Kiingereza cha kisheria. Nyie mna wasomaji wengi huku, naomba toleo lijalo mrekebishe ule ushauri, na muuweke ukurasa ule ule mlioutoa mwanzo.

Msomaji wenu, Leicester