Risala ya Kikundi cha Akina Mama Waanika Dagaa kwa Mgeni Rasmi, Kumbukizi ya Mwaka Mmoja wa Bibi Yetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa kata yetu,
Mwenyekiti wa mtaa,
Viongozi wa dini, wazee wa mwalo, wanafamilia,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako ukaja huku Igombe kukaa nasi kwenye mchanga huu. Ninayesoma ni katibu wa kikundi, na pia ni mjukuu wa marehemu. Nikikwama kidogo, mtanivumilia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Leo umetimia mwaka tangu tumzike Bibi. Siku aliyozaliwa hakuna aliyeiandika. Mwenyewe alihesabu umri wake kwa watoto na kwa mambo aliyoyaona. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, Bibi alisimama kando ya barabara na mtoto wa tano mgongoni. Kwa hesabu za namna hiyo tunaamini alivuka miaka 90.

Baada ya huyo walizaliwa wengine wawili. Wa mwisho alikuwa hajaachishwa ziwa, babu akachukuliwa na ziwa. Alitoka jioni na wenzake kuvua dagaa, karabai zimewashwa, na usiku upepo ukageuka. Bibi alikaa ufukweni siku tatu. Kilichorudi ni kasia. Wazee wakamshauri arudi kwao na watoto wagawanywe kwa ndugu. Aliwajibu neno moja ambalo shangazi zetu wanalo hadi leo: "Nikishawagawa, nitawakusanya lini?"

Wiki iliyofuata alikopa karai moja la dagaa, akawaanika palepale alipokuwa akimsubiri mumewe.

Watu wengi wamemuuliza, mimi mwenyewe nikiwemo, aliwezaje kurudi kwenye maji yale kila alfajiri. Hakupenda swali hilo. Alikuwa akisema ziwa linamdai yeye na yeye analidai, basi. Ninavyoona mimi, hakuwa ameyasamehe maji. Alikuwa na watoto saba, na chakula chao kilikuwa humo.

Mheshimiwa, ruhusu nieleze kidogo alivyofanya kazi, maana ndiyo shule tuliyosoma sisi wote hapa. Dagaa walipokaribia kukauka, Bibi alichota konzi moja, akaikaza polepole karibu na sikio. Wakilia kama majani makavu, aliwakusanya. Wakinyamaza, waliendelea kukaa juani, hata kama mnunuzi wa Kirumba ameshasimama na magunia yake. Alijua dagaa aliyefungwa na unyevu atafika sokoni ameharibika, na mteja hatarudi. Wakipigwa na mvua wakageuka rangi, aliwauza kwa bei ya chakula cha kuku na kusema wazi kuwa ni wa kuku. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza hapa mwaloni kuacha kuanika chini na kujenga chanja za miti na nyavu, kwa sababu alichoka kusikia dagaa wake wana mchanga.

Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima miaka ile ya 1970, akiwa na mtoto pajani. Kitu cha kwanza alichofanya na herufi zake ni kununua daftari. Mheshimiwa, daftari hilo ndilo lile pale mezani, lenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa nyavu.

Sote tunajua mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi na mitumbwi hulala. Siku hizo nyumba nyingi za mwaloni hulala njaa. Bibi, kila msimu wa giza, alitenga sehemu ya mauzo na kuiandika: "ya mbalamwezi". Kutoka hapo zililipwa ada za watoto wake na nyingi za wajukuu. Kutoka hapohapo waliazimwa majirani. Majina mengi humo yamekatwa kwa mstari, na si yote yaliyolipa. Miaka ya mwanzo ya 1980, sukari na sabuni zilipoadimika, alifua nguo kwa majani ya mpapai, lakini hakugusa fungu hilo kwa anasa yoyote.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, Bibi hakuwa na ndugu melini. Alipika uji, akajitwika, akaenda kukaa na akina mama waliokuwa wakisubiri miili. Hakuwaambia kitu. Mama yangu alikwenda naye, naye ndiye aliyetusimulia kwamba Bibi alikaa tu, amemshika mkono mwanamke asiyemjua, hadi jua likazama. Kila mwaka, siku hiyo ikifika, alikwenda makaburini Igoma. Alipokosa nguvu, alitutuma sisi.

Na mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda yakameza chanja zetu, alikaa kwenye kigoda juu pale penye mwembe akituelekeza pa kuchimbia nguzo mpya. Ndizo hizi mnazoziona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kikundi hiki kilitokana na fungu lile la mbalamwezi. Tulianza wanne, leo tuko 31. Tunaweka akiba na kukopeshana. Shida yetu kubwa ni masika: mvua moja huharibu kazi ya siku nzima. Tunaomba utusaidie tupate banda lenye paa la kupitisha mwanga, na utushike mkono katika ombi letu la mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake inayotengwa kwa ajili ya wanawake.

Ombi la mwisho ni dogo. Daftari la Bibi limejaa. Tumenunua jipya, liko karibu na lile la zamani, na kalamu ipo. Tunakuomba uandike tarehe ya leo kwenye ukurasa wa kwanza, na chini yake maneno yake yaleyale: "ya mbalamwezi".

Tunaomba kuwasilisha.