Hodi haigongwi

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu,

Hadithi yako ya watoto nimeisoma yote. Nimekwama hapa tu: "Mgeni aligonga hodi." Hodi haigongwi. Inatoka mdomoni, kwa hiyo hupigwa, kama kelele na mbiu, au hubishwa. Kinachogongwa ni mlango. Kama mgeni wako alitumia mkono na mdomo, mpe vitendo viwili: aligonga mlango, akapiga hodi. Mara tatu zinatosha. Asipoitikiwa "karibu", arudi zake.

Bisha lichunge. "Alibisha mlangoni" ni kuomba kuingia, lakini "alibisha" likisimama peke yake msomaji ataelewa kwamba alipinga, na huko ndiko alikotoka mbishi. Bishana ndiyo kabisa, halina mlango ndani yake. Mabaharia wa pwani wanalo la tatu: jahazi hubisha linapokata upande huu na upande ule ili lisogee mbele dhidi ya upepo.

Gota ni dogo, kifundo cha kidole juu ya meza. Pia ni kufika pasipo na njia: gari limegota ukutani.

Gonga ndilo lenye ukoo mkubwa. Linataka kigumu kwa kigumu: nyundo na msumari, muhuri na meza, glasi na glasi. Chukua matofali mawili ya kuchoma uyagonganishe. Yaliyoiva hulia kama chuma. Yasiyoiva hutoa sauti nzito iliyoziba, nayo mvua itayamung'unya. Ukimgongea mtu mlango, unataka yeye asikie. Ukigongomea msumari, unaushindilia uzame. Na hapa angalia sana: magari mawili hugongana, ila mtu aliyesimama kando ya barabara hugongwa. Ukiandika "amegongana na pikipiki" umemtwika nusu ya kosa.

Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wamelipa gonga maana ya chumbani, basi hadithi ikienda huko, soma kila sentensi mara mbili. Na gongo, kwetu rungu nene, kwa Watanzania ni pombe kali ya magendo, ile ambayo hapa Kivu ni kanyanga na huko kwenu Lubumbashi ni lutuku. Babu wa kwenye hadithi yako "aliyeshika gongo" atawachekesha.

Sasa ule mlio wenyewe. Umeandika "ng'o ng'o ng'o". Vitabu huandika ngo ngo ngo, bila ritifaa, ile alama ya juu, ng ya ngoma. Mimi ningeweka ko ko ko, kwa sababu ndivyo watoto wa huku wanavyoupigia mlango. Ng'o yenye ng' ya ng'ombe ni kukataa katakata: hataki, ng'o! Mgeni wako amesimama mlangoni anaomba kuingia, na wewe umeshamjibu mara tatu.

Mama yako