Malalamiko: Uvundo na Maungio Yanayovuja Ndani ya Peugeot 504 Yangu

Majengo, Mombasa
3 Juni 2025

Kwa Meneja,
Gereji ya Usafi na Ukarabati wa Ndani ya Magari,
Mombasa

Bwana Meneja,

MINT: KAZI MLIYOLIPWA NA HAMKUIFANYA

Nililileta gari langu kwenu tarehe 28 Aprili, nikalichukua tarehe 9 Mei baada ya kulipa shilingi 46,000. Risiti yenu imetaja kazi mbili: kuondoa harufu ya uvundo, na kuziba upya maungio ya sakafu. Hakuna hata moja iliyofanyika.

Gari lenyewe ni 504 ya mwaka 1979, la marehemu baba. Anayeikumbuka Safari Rally ya 1975, Ove Andersson aliposhinda kwa 504, ataelewa kwa nini mzee hakukubali kuliuza hadi anafariki.

Siku ya kulichukua lilinukia waridi. Kijana wenu alikuwa amepuliza manukato mpaka macho yakaniwasha, nami nikadhani ndiyo dawa yenyewe. Ikapiga mvua usiku wa tarehe 14. Asubuhi nilipofungua mlango, waridi na uvundo vilinipokea pamoja. Mama sasa hapandi. Asema heri tuktuk.

Nikamwita fundi jirani tukang'oa siti za mbele. Zulia jipya mmelibandika kwa gundi juu ya felti kuukuu, na felti hiyo imelowa. Niliikamua kwa mkono ikatoa maji meusi. Upande wa chini imeota ukungu wa kijivu. Sasa niambieni, siku zote kumi na moja gari lilikuwa likikaushwa vipi, ikiwa felti haikutolewa? Msimu wa masika hapa Mombasa hata shati kabatini hushika ukungu, seuze felti iliyofunikwa kwa zulia.

Hilo la maungio ndilo lililonikasirisha zaidi. Tulikubaliana sila ya bodi, yaani dawa ya kuzibia maungio ya bati la gari, na bei yake mkanitoza. Nilichokikuta ni silikoni nyeupe ya bafuni, ile inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi ya asetiki inayotoka silikoni inapokauka, na juu ya bati tupu huleta kutu. Isitoshe, mmeipaka juu ya sila ya zamani iliyopasuka, pamoja na vumbi lake. Nimeibandua kwa ukucha. Na kwa kuwa rangi haishiki palipopita silikoni, fundi atakayefuata itambidi aikwangue yote kabla ya kuanza kazi.

Wala hamkutafuta maji yanakoingilia. Sisi tulitumia mpira wa bustani: jirani akimwagia kioo cha mbele, mimi ndani na tochi. Hazikupita dakika tano, maji yakaingia kona ya chini ya kioo, upande wa kushoto, yakateremka nyuma ya dashibodi hadi penye miguu ya abiria. Raba ya kioo imekakamaa kama mti. Hamkuigusa.

Ninachodai ni hiki: ama mnirudishie shilingi 46,000 pamoja na gharama ya kukwangua silikoni, ama mlifanye gari upya bila malipo, mimi nikiwapo. Yaani siti na zulia zitoke, felti itupwe, bati lisuguliwe kutu na kupakwa primer (rangi ya kwanza ya kukinga bati), maungio yazibwe kwa sila ya bodi, raba ya kioo ibadilishwe (raba nitanunua mwenyewe), kisha lipimwe kwa maji kabla zulia halijarudi. Manukato sitaki.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka dai langu Mahakama ya Madai Madogo, na risiti yenu ndiyo itakayokuwa shahidi wa kwanza. Nimeambatisha nakala yake na picha tisa. Kipande cha felti nimekihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Mkitaka kukinusa, karibuni.

Wenu mteja,
Mwenye 504 ya samawati