Kikao cha Alhamisi: hitilafu za kurasa kwenye Linux

Wadau, habari za jioni. Alhamisi saa 2 usiku tunaingia kwenye hitilafu za kurasa (page faults: programu inagusa ukurasa wa kumbukumbu ambao prosesa haiwezi kuufikia, kerneli inaitwa; ni hitilafu kwa jina tu, mara nyingi ukurasa haujapakiwa bado). Fungueni kodi ya kerneli (kiini cha Linux) toleo 6.4, msome arch/x86/mm/fault.c na arch/arm64/mm/fault.c sambamba; x86 na arm64 ni aina mbili za prosesa. Kazi ni ileile: kushika kufuli la ramani ya kumbukumbu ya programu, kutafuta eneo (VMA) lenye anwani iliyoguswa, kupanua staki ikihitajika, kisha kuita handle_mm_fault(), inayoshughulikia hitilafu yenyewe. Toleo 6.5 la 2023 likayakusanya hayo matatu ya mwanzo kwenye lock_mm_and_find_vma(), ndani ya mm/memory.c. Kusoma anwani iliyoleta hitilafu kumebaki kwa kila aina ya prosesa: kwenye x86 iko katika rejista CR2, kwenye arm64 katika rejista FAR_EL1. Hapo sioni cha kuunganisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila awe ameshasoma kodi. Nani atatuonyesha skrini yake?