Kabla Hujapiga Window Mara ya Tatu, Pima Joto la Prosesa

Mwezi wa pili alikuja dukani kwetu, tunapotengeneza kompyuta, mama mmoja mwenye steshenari, amebeba HP EliteBook 840 G3 kwenye mfuko wa rambo. Mashine ilikuwa imepigwa window, yaani imewekewa Windows upya, mara mbili ndani ya miezi mitatu. Ikaongezewa RAM, ile kumbukumbu ya muda. Ikatolewa diski ya zamani, ikawekwa SSD, diski ya kisasa yenye kasi. Kila ikitoka kwa fundi ilikuwa nyepesi, lakini kwa nusu siku tu. Ikifika saa tano asubuhi, foleni ya wanafunzi wanaotaka kuprinti imeshafika mlangoni, inaanza kusuasua tena huku feni ikilia kama mashine ya kusaga.

Hatukushika bisibisi. Tulifungua programu ya kusoma vihisi vya joto, tukamwambia, “Mama, fanya kazi zako kama ungekuwa dukani kwako,” sisi tukakaa pembeni tukiangalia namba. Akafungua Word, PDF tatu, WhatsApp ya kwenye kompyuta, na kurasa za intaneti kama kumi na mbili. Dakika ya saba prosesa, ile chipu ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ilikuwa imefika nyuzi 98. Pale pale kasi yake, iliyokuwa 2.9 GHz, ikaporomoka hadi 1.2 na kubaki ikicheza hapo. Kwa maneno mengine, alikuwa anatumia chini ya nusu ya prosesa aliyoinunua, na hakuna RAM inayoweza kutibu hilo.

Tulipoifungua tulikuta kati ya feni na mapezi ya kupozea kuna vumbi lililogandamana kama kipande cha blanketi, unalishika kwa vidole na kulitoa zima. Ile pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye bomba la shaba ilikuwa imekauka kama chokaa. Tukasafisha, tukapaka pesti mpya, tukarudia zoezi lile lile mchana ule ule: nyuzi 73, kasi 2.9. SSD yake hatumlaumu kuiweka, inamsaidia kweli. Lakini ilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Tunaandika haya kwa sababu mama huyu si wa kwanza, na kwa sababu kipimo chenyewe hakihitaji fundi. Unaweza kukifanya mwenyewe nyumbani, bure, kwa dakika ishirini, kabla hujatoa hata shilingi.

Prosesa za miaka mingi sasa zina vihisi vya joto ndani yake, kwa kawaida kimoja kwa kila kiini, yaani kila sehemu ya prosesa inayofanya kazi kivyake. Prosesa za Intel kwa kweli hazisemi “nina nyuzi 70”. Zinachosema ni “nimebakiza nyuzi 30 kufika mwisho wangu,” na programu ndiyo inayofanya hesabu ya kutoa. Mwisho huo kwa prosesa nyingi za Intel za kompyuta mpakato, ikiwemo i5-6300U inayopatikana kwenye EliteBook 840 G3 nyingi, ni nyuzi 100. Ikikaribia hapo prosesa inajibana yenyewe: inapunguza kasi ili itoe joto dogo zaidi. Ikishindikana kabisa, mashine inajikata umeme ghafla, bila onyo wala skrini ya bluu. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia kununua betri.

Kwa hiyo joto kali mara nyingi haliunguzi prosesa, na wateja wengi hapa ndipo wanapotishwa bila sababu. Prosesa inajilinda vizuri sana. Gharama unailipa kwa namna nyingine: kasi inapungua, feni inachakaa, na betri iliyokaa jirani na joto hilo miaka miwili inavimba mapema.

Sasa programu. Windows yenyewe haitakusaidia sana. Kile kidirisha cha Task Manager kinaonyesha kasi ya prosesa, na kadi ya picha ya kujitegemea kama unayo kinaweza kukuonyesha joto lake, lakini joto la prosesa hakionyeshi. Ukiingia BIOS, ile skrini ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, utakuta baadhi ya mashine zinaandika joto, ila pale hakuna kazi inayofanyika, kwa hiyo ni sawa na kumpima mkimbiaji akiwa amelala.

Sisi dukani tunatumia HWiNFO. Ni bure kwa mtu binafsi, ina toleo lisilohitaji kusakinishwa, unalibeba kwenye flashi, na inatenganisha vizuri namba za sasa, za chini kabisa, za juu kabisa na za wastani. Ukiifungua weka tiki kwenye “Sensors-only” kisha uanze. Usiogope msitu wa namba utakaoona. Unatafuta mistari mitatu tu: joto la prosesa, kasi ya viini, na ule unaosema kama prosesa imejibana kwa sababu ya joto, ambao unajibu ndiyo au hapana. Mtu asiyependa msitu atumie Core Temp au HWMonitor, zinatosha kwa kuanzia. Wakati wa kusakinisha programu yoyote ya bure soma kila ukurasa, maana baadhi huja na tiki ya kukuwekea mchezo au takataka nyingine ambayo hukuiomba. Na zipakue kwenye tovuti ya mwenyewe aliyeitengeneza, siyo kwenye kiungo alichokutumia mtu Telegram.

Wanaotumia mfumo wa Ubuntu badala ya Windows wanajua njia yao: sakinisha lm-sensors, pitisha sensors-detect mara moja, halafu andika sensors. Namba zinatoka bila mapambo.

Kuna jambo moja la usalama lazima tuliseme. Kusoma vihisi kunahitaji programu iingie ndani sana ya mfumo, na baadhi ya programu hizi zilikuwa zikitumia draiva (programu ndogo inayozungumza na vifaa vya ndani) ya zamani iitwayo WinRing0, yenye tundu la usalama linalojulikana tangu 2020. Mwaka 2025 kinga ya Windows ilianza kuipigia kelele, na watu wakaamka asubuhi programu yao ya feni imewekwa karantini. Ukikutana na hilo, usizime kinga ya kompyuta kwa sababu kijana wa YouTube amesema uizime. Pakua toleo jipya, au hamia programu yenye draiva yake yenyewe, kama HWiNFO.

Kipimo kinakwenda hivi. Washa kompyuta, iache dakika tano bila kuigusa, andika namba. Halafu ipe kazi yako halisi, ile inayokuudhi. Kama ni kuhariri video za harusi, hariri. Kama ni Zoom na faili kubwa la Excel kwa pamoja, fanya hivyo. Robo saa inatosha. Wapo mafundi wanaopenda kuibana mashine kwa Prime95, programu inayoipa prosesa kazi nzito kupita kawaida, na sisi tunaitumia, lakini baada ya kusafisha na tukiwa tumesimama pale pale. Kwa mpakato iliyojaa vumbi nyumbani kwako, hiyo ni adhabu tu, haikuambii chochote ambacho kazi yako ya kila siku haitakuambia.

Namba zipi ni za kawaida? Hapa majedwali mengi ya mtandaoni yanawapotosha watu wetu, kwa kuwa yameandikwa na watu ambao chumba chao kina nyuzi 20. Feni haitengenezi baridi, inasukuma hewa ya chumbani tu. Dar mwezi wa kwanza na wa pili, chumba chenye bati juu na bila kiyoyozi kinafika nyuzi 32 mchana kwa urahisi, na hizo nyuzi kumi na mbili za ziada utazikuta kwenye prosesa karibu zote. Kwa mazingira hayo, mpakato iliyotulia ikisoma 45 hadi 55 hatushtuki. Ikifanya kazi nzito na kuzunguka kwenye 75 mpaka 88 huku kasi imeshikilia, iache ifanye kazi. Ikigusa 94 kwa sekunde moja unapofungua programu kisha ikashuka, hiyo ni prosesa inajipa msukumo mfupi, imeundwa hivyo. Tunachokitafuta ni ile inayopanda hadi 95 na zaidi, inakaa huko, na kasi inashuka chini ya kasi ya msingi iliyoandikwa kwenye prosesa. Kwa i5-6300U kasi hiyo ni 2.4 GHz.

Ndiyo maana tunasisitiza uangalie joto na kasi kwa pamoja. Joto peke yake limewahi kutudanganya hata sisi.

Kijana wa chuo alileta Dell Latitude, nzito kupita maelezo, kubofya tu menyu ni kusubiri. Tukapima: nyuzi 48. Baridi kabisa! Fundi wetu mmoja akasema joto si tatizo, twende kwenye diski. Tukapoteza karibu saa nzima huko. Ndipo mwingine akaona mstari wa kasi: 0.79 GHz, haisogei, hata kazi ikiwa nyingi. Mashine ilikuwa baridi kwa sababu ilikuwa imefungwa breki. Tukachomoa chaja, kasi ikaruka. Tukachomeka, ikarudi 0.79. Chaja za Dell za duara zina sindano katikati inayoiambia kompyuta kwamba hii ni chaja ya aina gani na ya wati ngapi. Chaja aliyonunua ilikuwa ya bei poa, na sindano yake haikusema kitu. Kompyuta isiyoitambua chaja inaacha kuchaji betri na kujipunguza kasi. Tukampa chaja ya kwetu ajaribu, matatizo yakaisha. Tangu siku ile tunamwambia kila mteja: ukileta mpakato, leta na chaja yako, hata kama chaja “haina shida”.

Vihisi navyo vina vituko vyake. Kompyuta za mezani ndizo zinazoongoza. Unafungua programu unakuta mstari ulioandikwa AUXTIN unasema nyuzi 127, na umebaki hapo hapo tangu umewasha. Hiyo ni waya isiyounganishwa na kitu, ubao mama una nafasi ya kihisi lakini kihisi hakipo. Puuza. Kinyume chake, programu ikikuambia prosesa yako ina nyuzi 18 nawe uko Kariakoo saa nane mchana unapepea kwa gazeti, ujue imesoma vibaya, kwani hakuna feni inayoweza kupoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayokipuliza. Wenye AMD Ryzen 7 1700X au 1800X za mwanzo, zile za 2017, wajue kwamba namba moja kati ya zinazoonyeshwa imeongezwa nyuzi 20 makusudi kwa ajili ya kuendesha feni, kwa hiyo toa 20 kabla hujapata presha. Na Ryzen 7000 za mezani zenye herufi X mwishoni mwa jina zimebuniwa kufika nyuzi 95 kwenye kazi nzito na kubaki hapo. Mteja mmoja alitaka kurudisha mashine mpya kabisa kwa ajili hiyo.

Ukikuta joto ni kali kweli, yapo ya kufanya kabla ya kutuona. Itoe mpakato juu ya godoro, mto au kanga, weka kwenye meza ngumu, kwa sababu nyingi zinavuta hewa kwa chini. Kisha upime tena, usikisie. Njia nyingine ni kuingia kwenye mipangilio ya nishati ya Windows na kushusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Hiyo moja inazima ule msukumo wa ziada wa kasi, na kwa mtu wa Word na Excel hataona tofauti, ila joto litashuka vya kutosha. Ni plasta, lakini kwa wiki ya mitihani inafaa.

Kupuliza kwa kompresa ya gereji hatushauri. Hewa ile hubeba maji, na feni ikizungushwa kwa kasi isiyo yake bila kushikwa inaharibika. Isitoshe, blanketi la vumbi halitoki kwa kupuliza kutoka nje. Unalisukuma ndani zaidi.

HP yako ikiwaka na ujumbe wa feni wenye namba 90B, au ThinkPad ikiandika “Fan error”, hapo hakuna cha kupima. Feni imekwama au imekufa, usiendelee kuitumia, ilete.

Kwetu kazi hii inakwenda hivi: tunapima mbele yako, unaona namba. Tukikuta joto si tatizo, tunakuambia na hutulipi kwa kusafisha kitu kilicho safi. Tukikuta ni joto, tunakutajia bei kabla ya kufungua, tunasafisha feni na mapezi, tunabadilisha pesti, na kama zile pedi laini za kwenye chipu za pembeni zimechanika tunakuonyesha. Halafu tunapima tena kwa kazi ile ile, na picha za skrini za kabla na baada tunakutumia WhatsApp. Mashine za karibu na bahari, Kigamboni na Msasani hasa, tunazikagua pia kutu ya chumvi kwenye feni, na mara nyingi feni nzima ndiyo ya kubadilisha.

Kwa mpakato nyingi ni kazi ya saa moja na nusu. Zenye kibodi inayotakiwa kutolewa kwanza zinachelewa zaidi. Jumamosi asubuhi foleni huwa ndefu, njoo siku ya kawaida ukiweza. Kama umeshapima mwenyewe, njoo na picha ya skrini yenye joto na kasi kwa pamoja, utatuokolea muda. Na chaja usiisahau.